Ripoti Ipo, Lakini Je, Mwananchi Anaipata? Jinsi ya Kupima Uwazi wa Kaunti

Mkazi anayesubiri zahanati ikamilike huwa na maswali mawili: ilitengewa pesa ngapi mwaka huu, na ngapi zimetumika? Majibu yanapaswa kuwa katika hati za kaunti. Asipoyapata, huenda kwenye kikao cha maoni ya umma akiwa na malalamiko tu, bila takwimu za kuyatilia nguvu.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali. Kwa hivyo uwazi unaweza kupimwa. Shirika la International Budget Partnership Kenya limekuwa likitathmini kaunti zote 47 kwa njia rahisi: wapimaji hufungua tovuti ya kaunti na kutafuta hati muhimu za bajeti. Hati iliyofungiwa kabatini haipati alama, hata kama imeandikwa vizuri.

Mwananchi pia anaweza kufanya kipimo hicho kwa kujiuliza maswali manne.

1. Je, hati ipo? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012 inataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ufike kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, Taarifa ya Mikakati ya Fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mpango na Taarifa hiyo zinafaa kutangazwa kwa umma ndani ya siku 7 baada ya kuwasilishwa.

2. Je, imetoka kwa wakati? Ripoti ya matumizi ya kila robo mwaka inapaswa kuchapishwa katika muda wa mwezi mmodi baada ya robo kuisha. Ile ya Julai hadi Septemba, kwa mfano, inatakiwa kufikia mwisho wa Oktoba. Ikitoka Juni, mwaka wa fedha unaisha na nafasi ya kurekebisha mambo imepita.

3. Je, ina undani wa kutosha? "Afya: ujenzi" ni maneno yasiyomsaidia mkazi. Anahitaji kuona jina la mradi, wadi ulipo, kiasi kilichotengwa na kiasi kilichotumika.

4. Je, inaweza kutumika? Ukurasa uliopigwa picha na kupandishwa mtandaoni husomeka kwa shida, na tarakimu zake haziwezi kujumlishwa kwenye kompyuta. Jedwali la kawaida humwezesha mwalimu, kikundi cha vijana au mwandishi wa habari kulinganisha wadi na wadi, mwaka na mwaka. Hii ndiyo maana ya data huria: kila mtu anaweza kuipata, kuitumia na kuisambaza bila kizuizi.

Alama za juu hazimaanishi kwamba pesa zilitumika vizuri. Kaunti inaweza kuchapisha kila ripoti na bado zahanati ikabaki bila paa. Tofauti ni kwamba ripoti ikiwa wazi, mkazi ataona mahali mradi ulipokwama na atajua ni idara gani ya kuuliza.

Hati isipopatikana, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inaonyesha njia. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuliwasilisha hakulipiwi, ingawa gharama ya kutoa nakala inaweza kutozwa. Mwombaji anapaswa kueleza taarifa anayotaka kwa ukamilifu: mradi, wadi na mwaka wa fedha. Sababu zake za kuitaka haziwezi kutumiwa kumnyima haki hiyo. Asiyeweza kuandika kwa kutojua kusoma au kwa sababu ya ulemavu anafaa kusaidiwa na afisa anayehusika.

Ofisi ina siku 21 za kufanya uamuzi, na inaweza kuongeza muda mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Mwombaji asiporidhika, anaweza kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30 baada ya kujulishwa uamuzi.

Kabla ya kikao kijacho cha bajeti, wakazi wanahimizwa kuchagua mradi mmoja katika wadi yao na kuupima kwa maswali hayo manne. Swali lolote litakalokosa jibu ndilo la kuulizwa kikaoni.