NYUMBA YA LIKIZO MASHAMBANI UINGEREZA

Katika somo hili fupi ningependa tutembee, japo kwa kalamu tu, hadi mashambani kule Uingereza, tuzione nyumba ambazo watu wa mijini hukodi ili wapumzike.

Kwanza jina. Tuziiteje kwa Kiswahili? Ukisema kibanda, mtu atafikiria pale tunaponunua mandazi. Ukisema nyumba ndogo, ala! Wakubwa wataguna, maana wanajua maana nyingine ya maneno hayo. Mimi nimeamua kusema kijumba, na mwenye kupinga tutajadiliana chamani.

Vijumba hivi havikujengewa watalii hata kidogo. Vingi vilikuwa makao ya vibarua wa mashamba na watu wengine wa hali ya chini. Chukua mfano wa Arlington Row, safu ya nyumba za mawe katika kijiji cha Bibury, eneo la Cotswolds. Ilijengwa karibu mwaka wa 1380 kuwa ghala la sufu, na katika karne ya 17 ikageuzwa kuwa nyumba za wafumaji. Picha yake imewahi kuchapishwa ndani ya pasipoti ya Uingereza, ingawa nadhani mfumaji mwenyewe hakuwahi kufika mbali! Siku hizi safu hiyo ni mali ya National Trust, shirika la kuhifadhi turathi lililoanzishwa mwaka wa 1895. Humo mna wapangaji wa kawaida, na kijumba kimoja hukodishwa wageni wa likizo.

Mara nyingi mtu hukodi kwa juma zima, tuseme Ijumaa hadi Ijumaa. Hakuna mpishi wala mhudumu: unajipikia, unaosha vyombo mwenyewe. Milango ya vijumba vya kale ni mifupi, na mgeni mrefu asipoinama boriti itamfunza adabu. Mwenye nyumba naye hawezi kuuinua mlango apendavyo, kwani majengo mengi ya kale yamo katika orodha ya serikali, na kuyabadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Jioni watu huwasha kuni katika jiko la chuma, si kwa kupika bali kwa kuota moto. Hebu fikiria, Desemba jua hutua kabla ya saa kumi jioni! Juni nalo hukawia hadi saa tatu usiku imepita.

Mchana ni kutembea. Njia za umma hupita katikati ya mashamba ya watu, na mgeni ana haki ya kuzifuata. Lakini lango alilolikuta limefungwa alifunge, kondoo wasije wakatoroka.

Sasa, wenyeji je? Sisi likizo ya Desemba twaenda kwa nyanya, na nyanya yupo. Kule katika vijiji vingine, kijumba cha kibarua kimekuwa na bei ambayo kibarua hawezi kuifikia. Kijana wa kijijini akitaka makao hushindana na mtu wa mjini anayetafuta nyumba ya pili. Majira ya baridi madirisha huwa giza, duka likakosa wateja na shule ikakosa watoto. Wengine husema wageni huleta kazi, na ni kweli, kuna wanaolipwa kufua mashuka na kusafisha. Lakini huyo afuaye mashuka atalala wapi?

Swali hilo limewaka sana Cornwall, kusini-magharibi mwa nchi. Mwaka wa 2016 wakazi wa mji wa St Ives walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 wakakubali kwamba nyumba mpya ziwe za watu wanaoishi humo mwaka mzima. Kisha tangu Aprili 2025, halmashauri za Uingereza zimeruhusiwa kumtoza mwenye nyumba ya pili kodi maradufu. Ila nyumba ambayo wageni wameilipia kwa angalau siku 70 katika mwaka yaweza kuhesabiwa kuwa biashara, na hapo kodi hiyo haiigusi.