Nukta nyekundu kwa macho ya uzeeni

SWALI: Nina miaka 63, nalima ngano huku Mau Narok na nina leseni ya rivolva. Siku hizi ncha ya mbele ya kulengea naiona kama iko ndani ya ukungu, ilhali shabaha ya mbali naiona sawasawa. Je, kilengeo cha nukta nyekundu kitanifaa?
– Mkulima, Mau Narok

JIBU: Mzee wangu, kilichochoka ni lenzi ya jicho. Kuanzia miaka ya 40 hivi hukakamaa, na kitu kilicho umbali wa mkono hufifia. Nukta nyekundu huonekana kana kwamba iko mbali pamoja na shabaha, kwa hiyo jicho halihangaiki.

Jaribu dukani kwanza. Nukta ikionekana kama nyota yenye miiba, ipige picha kwa simu. Kwenye picha ikiwa duara safi, dosari iko jichoni na huenda ukahitaji miwani.

Chagua nukta ya MOA 6 (MOA ni kipimo cha ukubwa wa nukta): jicho huipata haraka, na kwa mita 10 hufunika kama sentimita 1.7 tu. Chagua pia kilengeo kilichozibwa pande zote, maana umande wa Mau hutua kwenye kioo kilicho wazi.

Usitoboe chuma cha rivolva mwenyewe ili kufunga kilengeo. Iulize kwanza Bodi ya Leseni za Silaha, kisha mpe kazi fundi aliyeidhinishwa. Ikishafungwa kilengeo, rivolva huenda isiingie tena kwenye ala yake ya zamani.

Ila kabla ya yote, nenda kliniki ya macho. Kama ukungu huo ni mtoto wa jicho, hatibiwi kwa betri ya kilengeo.