Dondoo Muhimu: Kabla hujanunua dola 20 ya dhahabu

Anza na mizani. Sarafu ya dola 20 aina ya Saint-Gaudens, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1907 hadi 1933, ina uzito wa gramu 33.4 na kipenyo cha milimita 34. Ikipungua nusu gramu, mrudishie mwenyewe.

Kisha chukua lenzi utazame juu ya tarakimu za mwaka. Herufi D ni Denver, S ni San Francisco. Pasipo herufi ni Philadelphia. Hapa ndipo watu huliwa fedha. Ya 1927 isiyo na herufi ni ya kawaida, bei yake haiko mbali sana na ya dhahabu yenyewe. Ya 1927 yenye D ni adimu mno, kwa kuwa nyingi ziliyeyushwa. Matapeli wanalijua hilo, nao hubandika D. Usiinunue bila cheti cha kampuni ya kuthibitisha sarafu, PCGS au NGC.

Usiisugue! Kuing'arisha, hata kwa kitambaa laini, hushusha thamani.

Na ukiletewa ya 1933? Inayoruhusiwa kumilikiwa na mtu binafsi ni moja tu, iliyouzwa mnadani New York mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9. Anayekuletea nyingine anakuuzia kesi.