Somo la Ufugaji: Kuku Wanapokataa Kulala Ndani

Katika ziara zetu tumesikia lalamiko moja mahali pengi: kuku wamekataa nyumba. Jioni ikifika wanazunguka mlangoni, wanaangalia ndani, halafu wanapanda mti au wanakwenda kulala jikoni. Mama kuku aliyekuwa akiatamia anaacha mayai yapoe. Watu wanasema ni ukaidi tu. Lakini kuku hakatai kitanda chake bure, na leo tujifunze kwa nini.

Tuanze na kisa cha kikundi kimoja cha akina mama upande wa Ndhiwa. Kikundi hiki kina mpango wa kupokezana: mama mmoja anapata kuku wanne na jogoo, wakizaa anapitisha idadi hiyo hiyo kwa mwenzake. Zamu ya nane ilimfikia dani mmoja mjane anayelea wajukuu. Baada ya miezi mitatu hakuwa na kitu cha kupitisha. Kuku walikuwa wameacha kutaga, vilemba vyao vya kichwani vimekuwa vyeupe kama karatasi, na wawili walikutwa wamekufa juu ya mayai. Maneno yakaanza. Wengine walisema ameuza mayai na kuficha pesa. Wengine walisema ni Newcastle, eti dawa ya chanjo ilikuwa maji matupu. Na wale wa kunong'ona walisema ni jicho baya la jirani. Mama Mwenyekiti akatuita tuje kusimamia mkutano wa kumtoa dani kwenye kikundi.

Tulifika saa kumi jioni, tukakagua kuku mmoja mmoja. Hatukuona kitu, hata chini ya mabawa. Tulikuwa karibu kuwaunga mkono wale wa mayai yaliyouzwa, na hilo tunaliungama. Ni dani mwenyewe aliyetuambia, "Ngojeni usiku. Mimi nikiingia kuwafungia, mwili wote unaniwasha." Basi tukangoja. Saa tatu usiku tuliingia na tochi, tukapitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia kuku. Kitambaa kilitoka na madoa ya damu. Nguzo ilikuwa inatembea, nyekundu yote.

Huo ndio utitiri mwekundu. Ni mdudu mdogo sana, kama milimita moja, mwenye miguu minane. Akiwa na njaa ni wa kijivu, akishiba damu ni mwekundu. Wengi tumezoea chawa, ambao wanakaa kwenye manyoya mchana na usiku, na wale viroboto wanaojishikiza usoni na kwenye kilemba mpaka uwatoe kwa mkono. Hao unawaona kwa kuku. Utitiri mwekundu haukai kwa kuku. Unakaa ndani ya nyumba: kwenye nyufa za ukuta, chini ya magome ya nguzo, mahali fito inapolala juu ya mbao, ndani ya nyasi za kiota. Usiku unatoka, unanyonya muda wa nusu saa hadi saa moja, halafu unarudi kujificha. Ndiyo maana mtu anaweza kupaka kuku dawa kila wiki na asione mabadiliko. Anamtibu mgeni na kuacha nyumba.

Na unazaa haraka. Katika joto kama letu la kando ya ziwa, yai linaweza kuwa mdudu mzima kwa siku saba hivi. Ulaya baridi inaupunguzia kasi, kwetu hauna likizo. Tena unaweza kukaa miezi bila kula. Mtu akiuza kuku wote, akafunga nyumba kwa msimu mzima, akiwaweka wengine anaweza kuukuta unamngoja.

Sasa tufanye nini? Kwanza hakikisha, kama tulivyofanya kwa dani: tochi na kitambaa cheupe, usiku. Mchana angalia kwenye viungo vya mbao kama kuna unga wa kijivu kama majivu ya sigara, na kwenye maganda ya mayai kama kuna vidoa vyekundu.

Kisha ni kazi ya nyumba, na ifanywe asubuhi ili pakauke kabla ya jioni. Toa kila kitu. Nyasi za viota na takataka zichomwe mbali na nyumba, zisitupwe shambani. Fito za zamani zenye magome tupa motoni, weka mpya zilizomenywa laini. Mbao zinazobaki zimwagie maji yanayochemka, hasa kwenye viungo na mashimo ya misumari. Maji ya uvuguvugu ni kazi bure. Ukuta wa udongo ukwangue, halafu ukandike upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe mpaka usibaki ufa wa kuingiza ukucha. Kazi hii akina mama wetu wanaijua kuliko sisi. Mwenye chokaa apake juu yake. Msijaribu kuupitishia ukuta moto: paa la nyasi halisamehe.

Fito za kulalia zisiguse ukuta. Zitengenezee miguu yake kama benchi, na kila mguu usimame ndani ya mkebe wenye oili chafu kidogo. Mdudu akitaka kupanda lazima avuke oili. Oili isipakwe mahali kuku anapokanyaga, wala isimwagike chini, maana ni sumu. Kuku nao wawekewe shimo la majivu makavu na mchanga laini wajigaragaze.

Halafu rudia yote baada ya siku saba, na tena baada ya saba nyingine. Hapa ndipo wengi tunashindwa. Maji ya moto hayafiki kila shimo, na mayai yaliyobaki yataanguliwa. Anayesafisha mara moja amepunguza tu njaa ya nyumba.

Kuhusu dawa za dukani, ulizeni agrovet au afisa wa mifugo dawa iliyoandikwa kwamba ni ya kuku, na msome ni siku ngapi mayai yasiliwe. Tunajua kuna wanaotumia dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mahindi kwa kukisia. Tafadhali muache. Mwaka 2017 huko Uholanzi na Ubelgiji dawa inayoitwa fipronili, ambayo watu huwapaka mbwa na paka, ilitumika kuua utitiri huu huu kwenye nyumba za kuku, ingawa hairuhusiwi kwa mifugo inayoliwa. Ilionekana ndani ya mayai, na mamilioni ya mayai yakaondolewa madukani na kuharibiwa. Hao wana maabara za kupima. Sisi mtoto anakula yai la asubuhi na hakuna atakayetuambia.

Turudi Ndhiwa. Asubuhi yake tulipita nyumba saba zilizotangulia katika zamu. Tano zilikuwa na utitiri. Akina mama wawili walikuwa wameona kuku wakidhoofika, wakanyamaza kwa kuogopa maneno yale yale aliyopata dani. Kuku wote walikuwa wamebebwa kwa pikipiki ndani ya tenga moja, kutoka boma hadi boma, bila kuoshwa hata siku moja. Tenga lilikuwa la ofisi yetu. Mkutano wa kumtoa dani ukageuka kuwa mkutano wa kutuuliza sisi maswali, na ilistahili. Tenga tulilichoma palepale. Siku hizi kila boma linatumia tenga lake, na kuku mgeni anakaa peke yake wiki mbili, mbali na wengine, akikaguliwa usiku.

Nyumba zote sita zilisafishwa katika wiki moja, kwa zamu, kikundi kizima. Kuku wa dani walianza kuingia ndani wenyewe baada ya usafi wa pili. Mayai yalichelewa, kwa sababu damu hairudi kwa siku moja. Tulihesabu karibu wiki tano. Kikundi kilimwongezea miezi sita ya kupitisha.

Kwa mkutano wenu ujao, jadilini: Katika kikundi chetu kuku, matenga na viota hutembea vipi kutoka nyumba hadi nyumba? Nani kati yetu ameona kuku wakikataa kulala ndani na hakusema, na alinyamaza kwa nini? Kabla ya mkutano, wanachama watatu wapitishe kitambaa cheupe chini ya fito zao saa tatu usiku, wakilete.