Fatwa ya simu, dawa ya simu

Kila muhula huwaonya wanafunzi wangu wa Maarifa ya Uislamu wasichukue fatwa mitandaoni bila kumuuliza mwanachuoni. "Sheikh Google hana isnadi," huwaambia, nao hucheka. Mwaka 2019 mwalimu huyo huyo alichukua dawa huko huko.

Ulikuwa wakati wa mlipuko wa homa ya dengu Dar es Salaam. Nilishikwa na homa kali, kichwa kikiuma nyuma ya macho, viungo kama vimepondwa. Usiku nikaandika dalili zangu kwenye simu. Majibu yalianza na malaria, yakapita kwenye taifodi, yakaishia kwenye saratani ya damu. Nusu saa baadaye nilikuwa nahesabu madeni yangu ili niandike wasia! Asubuhi nikachagua jibu nililolipenda, malaria, nikanunua dawa ya mseto, na kwa ajili ya viungo nikaongeza diklofenaki. Mama watoto alinisihi nikapime. Nikamjibu kwamba nimeshasoma.

Siku ya tatu, wakati wa kutia udhu, nilitema damu ya ufizi. Hapo ndipo nilipokwenda hospitali. Kipimo cha malaria, ambacho majibu yake hutoka kwa dakika kama 20, kilionyesha sina. Ilikuwa dengu.

"Ustadh, nani kakuandikia diklofenaki?" daktari aliuliza. Nikainamisha kichwa. Dawa za kundi hilo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, humzidishia mgonjwa wa dengu hatari ya kuvuja damu. Cha kutuliza homa yake ni parasetamoli.

Simu haikusema uongo. Lakini homa na maumivu ya viungo ni dalili za maradhi mengi, na simu haikunitoa damu ikaipima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, ulijaribu programu 23 za kutambua maradhi kwa dalili. Jibu sahihi lilitangulia kwa asilimia 34 tu. Programu za leo ni nyingine, ila nazo hazina sindano wala darubini.

Wengi mnaijua hadithi ya Jabir kwa Abu Daud, ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, kisha akapata janaba. Aliwauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa, na Mtume (s.a.w.) akawakemea vikali kwa kujibu wasilolijua badala ya kuuliza. Nimeisomesha miaka mingi kama somo la fatwa tu. Sikuona kuwa wale walikuwa na hukumu ya mtu mzima wa afya, wakampa majeruhi. Nami nilijifanyia hivyo hivyo.

Sikuitupa simu. Siku hizi naandika humo homa imeanza lini na nimemeza nini, nikifika kwa daktari namsomea. Wiki iliyopita mgongo ulinibana, mama watoto akanikuta nimeikodolea macho.

"Ustadh, unaandika au unauliza?"