Meza ya wazazi kando ya ziwa

*Mtaalamu, wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Nataka kuwatembeza Ujiji, kisha tule hoteli nzuri Kigoma. Naogopa bei, tena mama hajazoea uma. Binti, Kasulu*

Binti, hofu ya bei huisha ukiuliza mapema. Piga simu siku chache kabla, utaje idadi yenu na uulize kama kodi imo. Agiza samaki wa ziwani, kuhe au sangala. Mgebuka hutegemea mwezi: wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupungua sokoni. Ujiji, walikokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, nendeni alasiri, muwahi meza kabla jua halijazama upande wa Kongo. Mama ale ugali kwa mkono, ni haki yake! Mzee akiwa na presha, mpishi apunguze chumvi. Akiwa na masharti ya chakula, muulizeni daktari wake kwanza.