Mzio wa Insulini: Kijana Asiache Sindano

Mwili wa kijana mwenye kisukari aina ya kwanza hautengenezi insulini ya kutosha, hivyo yeye hudungwa kila siku. Mara chache, mwili huikataa dawa hiyo au vitu vilivyochanganywa nayo, kama vile zinki na protamini. Huo ndio mzio, au aleji.

Jambo hili si geni. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alidungwa insulini, na mahali pa sindano pakavimba kwa kuwa dawa haikuwa safi. Dawa ilisafishwa zaidi, akadungwa tena baada ya siku 12, na sukari ikashuka. Insulini ya leo ni safi zaidi, ndiyo sababu mzio umepungua sana.

Dalili ndogo
Mahali pa sindano huwasha na kuvimba. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, basi paguswe kama pana joto. Si kila uvimbe ni mzio: donge laini lisilouma hutokana na kudunga mahali pamoja kila siku, usaha na homa ni dalili za viini.

Dalili za hatari
Upele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, kizunguzungu. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja, hata usiku. Sindano inayofuata apewe huko huko, chini ya uangalizi.

Kwa nini asiache?
Bila insulini, asidi hujaa kwenye damu kwa muda mfupi, pengine chini ya siku moja. Mgonjwa hupata kiu, hukojoa sana, hutapika na kuhema kwa nguvu. Anaweza kufa. Mwanafunzi wa bweni anayeficha mwasho na kuruka sindano yumo hatarini kuliko anayesema.

La kufanya
• Mwalimu au mzazi aandike saa ya sindano, aina ya dawa na dalili.
• Chupa ya dawa na sindano zipelekwe kliniki.
• Mahali pa kudunga pabadilishwe kila mara.

Daktari anaweza kubadilisha aina ya insulini, kutoa dawa ya mzio, au kumzoesha mgonjwa kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa polepole. Wakazi waanzie kituo cha afya kilicho karibu. Wanaohitaji uchunguzi zaidi huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii.